Wimbo wa Kumi na Moja

Mtaa mzima ulimwita Mama Pini, kwa sababu saa yoyote ya kazi ungemkuta na pini tatu nne kati ya midomo, na bado anakuuliza habari za watoto. Alishona sare za shule, magauni ya harusi na suruali za wazee ambao viuno vimewakimbia, na alishona vizuri, hilo hata waliomchukia walikubali. Sheria yake ilikuwa moja na haikuwa na mjadala: nguo haitoki mlangoni mpaka ikunjwe mara nne na kupigwa pini mbili kwenye kola. Za nyumbani zilikunjwakunjwa tu na kusukumwa kabatini. "Nani apoteze pini kwa watu wa nyumbani?" alikuwa akisema.

Sifa yake ya pili aliitengeneza mwenyewe. Alikuwa mjane wa miaka mingi alipoolewa tena na fundi friji, mwanamume mtanashati aliyenukia gesi na manukato. Ndoa ilidumu miaka miwili, fundi akaondoka. Tangu hapo kila mteja aliyesimama kupimwa alisimuliwa. "Aliniambia nichague, yeye au mwanangu. Mimi? Hata sikufikiri. Nikamwambia, baba, mlango ule pale." Mwanawe akiwa karibu, alimkamata kidevu na kumgeuza uso kwa mteja. "Huyu ndiye niliyemchagua." Kijana alitabasamu na kutazama chini. Wateja walipangusa machozi, na mama wa watu akaendelea kupima akiwa amefurahi kabisa.

Kijana mwenyewe aliitwa Mabati, maana tangu utotoni hakuweza kupita kwenye bati bila kuligonga. Alipofika miaka kumi na saba alipata kinasa sauti cha mtumba, kijidude chenye taa nyekundu, akawa anakiacha popote kikifanya kazi: chini ya bomba linalovuja, juu ya kabati, nyuma ya cherehani. Mama yake alikizoea kama mtu anavyomzoea mjusi wa ukutani. Na baada ya fundi friji kuondoka, Mabati hakunyimwa kitu. Alitaka gitaa, akapata gitaa. Alitaka kuleta wenzake watatu kupiga kelele kwenye chumba cha nyuma, mama akahamishia majora ya vitambaa chumbani kwake na kulala nayo kitanda kimoja. Watu walisema anamdekeza. Aliwajibu kwamba mtoto ni wake na masikio ni yao, wayazibe.

Bendi iliitwa Paa Bovu. Walipiga roki, tena ile roki isiyotaka kufanana na roki nyingine: magitaa yanakwaruza, ngoma inachelewa makusudi, mwimbaji ananong'ona kama mgonjwa halafu anapasuka ghafla ukamwaga chai. Walipiga hivyo miaka mitano, wakifukuzwa kwenye kumbi mbili kati ya kila tatu, ndipo wakapata studio ya kurekodia albamu, chumba kilicho juu ya duka la vigae. Kuta zake zilikuwa zimebandikwa sponji za magodoro zilizokwisha kuchanikachanika. Mama Pini alipoona aibu hiyo alizishonea foronya zote, ishirini na mbili, na mwenye studio akamruhusu kukaa kwenye kona akisikiliza.

Alikaa siku tisa. Alijifunza kwamba albamu haitengenezwi kwa kuimba, inatengenezwa kwa kurudia. Mpiga ngoma alirudia kipande kimoja mara arobaini, mpiga besi akanuna, Mabati akaimba akiwa ameingiza kichwa kwenye ndoo ya plastiki kwa sababu sauti ya chumba haikumridhisha. Katika wimbo wa tatu waliweka mlio wa cherehani yake, tak-tak-tak, na ngoma ikaufuata. Mama Pini alitamba na mlio huo mtaani mpaka majirani wakaanza kumkwepa. Siku ya kumi alipofika, fundi mitambo, mpole wa watu aliyetafuna karanga kutwa, alimwona mlangoni akazima kila kitu, kisha akajifanya anafungua nyaya zilizojifunga. "Leo tunasafisha mashine tu, mama," akasema bila kumtazama. Mama akamwamini, akarudi kwenye sare zake.

Albamu ilipotoka, Mabati alimwekea nyimbo kumi kwenye simu, akamletea na jalada. Jalada lilikuwa picha ya shati jeupe la shule, limekunjwa mara nne, pini mbili kwenye kola. Hakuna kingine. Mama Pini alilia mbele ya wateja bila haya yoyote. Mwanawe angeweza kuweka moto, mafuvu, wanawake nusu uchi, lakini aliweka kazi ya mama yake! Alilitundika juu ya cherehani, mahali ambapo kila anayeingia lazima alione.

Mapokezi yalianza kwa matusi. Mwandishi mmoja wa habari za muziki aliandika gazetini kwamba magitaa ya Paa Bovu yanasikika kama friji inayokata roho, na mwimbaji angefaa zaidi kutangaza vifo. "Wimbo wa kumi na moja pekee ndio unaoiokoa albamu hii," akamalizia, "ingawa mwigizaji aliyepewa nafasi ya mke amekazana kupita kiasi. Hakuna mwanamke anayeomba namna ile." Mama Pini aliposoma alicheka kwa dharau. Mtu hajui hata kuhesabu, nyimbo ni kumi, halafu anajiita mwandishi.

Wiki ya pili alikuwa anampima mwalimu wa shule ya jirani, futi ipo kifuani, pini zipo mdomoni, simu ya mwalimu ikaita.

"Usiende," simu ikasema. "Nakuomba, usiende. Nitamtoa. Kesho asubuhi nitamtoa, haki ya Mungu, ukija hutamkuta. Usiende, baba. Usiende." Kisha magitaa.

Mwalimu akacheka mpaka futi ikateleza. "Samahani, Mama Pini, ni mlio wangu. Shule nzima tunao. Huyo mwigizaji ananivunja mbavu, sikia anavyovuta pua!" Mama Pini aliendelea kupima. Aliandika vipimo, akamsindikiza mpaka nje, akarudi kukaa. Gauni lile lilikuja kutoka na mikono mifupi kwa inchi mbili.

Sauti ilikuwa yake. Kuomba kule hakukumwumiza sana, nani hajawahi kuomba? Kilichomtisha ni lile neno moja, nitamtoa. Alasiri ile ya miaka sita nyuma fundi friji alisimama mlangoni na begi la spana, akasema hawezi kuishi na kijana anayegonga mabati, na Mama Pini hakumwonyesha mlango wowote. Alipiga magoti. Aliapa kumtoa mwanawe. Fundi akajibu kwamba alfajiri atafuata ngazi yake, na ndipo ataona kama kiapo ni cha kweli. Mabati alikuwa uwanjani, au ndivyo alivyodhani. Mama alichukua begi jingine, akapanga nguo za mwanawe zote, haraka, mikono ikifanya inachokijua, akalificha nyuma ya majora. Alfajiri alikuja mtu mwingine kabisa kuchukua ngazi, hata salamu za fundi hakuleta. Kabla kijana hajaamka, nguo zilikuwa zimerudi kabatini. Hakuna aliyejua. Juu ya kutojulikana huko alijenga maisha yake yote yaliyofuata, na sasa alikuwa na hofu moja tu: Mabati asijue kwamba wa kutolewa alikuwa yeye, maana kwenye wimbo jina lake halikutajwa.

Alimfuata chumba cha nyuma. Alimkuta anabadilisha nyuzi za gitaa.

"Uliipata wapi ile?"

"Nilikiacha kinasa sauti nyuma ya cherehani, mama. Nilikuwa nautaka mlio wake."

"Na ukaninyamazia! Ukanitia kwenye simu za watu, wanicheke!"

"Wanaanza kwa kucheka. Ukiurudia mara ya tatu hawacheki tena."

Mama akakaa juu ya spika. Alikuwa ameuandaa uongo wake njiani, toka chumba cha mbele mpaka cha nyuma, hatua kumi na nne. "Unajua nilikuwa namsema nani pale?"

Mabati alikaza uzi mmoja, akaugonga kwa kidole, akaulegeza tena. "Nani?"

"Yule msichana aliyekuwa anaishi hapa akijifunza kushona. Alikuwa mdokozi. Baba yako wa kambo alikuwa hampendi." Yule msichana hakuwahi kudokoa hata kifungo, Mungu anamwona.

Kijana akaliegemeza gitaa ukutani. "Yule dada," akasema.

"Ndiyo, yule."

"Sawa, mama. Wakiniuliza nitasema hivyo."

Mama Pini alitoka pale mwepesi. Usiku huo alilala fofofo, na kesho yake alimchana tena mwandishi wa gazeti mbele ya wateja.

Wimbo ukapanda. Watu waliotukana albamu walianza kudai waliipenda tangu siku ya kwanza. Vijana waliuimba barabarani, mmoja akipiga magoti, mwingine akijifanya anaondoka. Redioni wasikilizaji walibishana: anayetolewa ni mbwa, ni mama mkwe, ni mtoto wa kambo. Mwishowe mtangazaji akamwalika Mabati studio, saa nne asubuhi. Mama Pini alifungua redio mapema. Kwenye chumba chake cha kushonea walikuwemo mwalimu aliyekuja kurudisha gauni, bibi harusi aliyesimama juu ya kiti akitengenezewa pindo, na shangazi yake bibi harusi.

"Tuambie basi," mtangazaji alisema. "Anayetolewa ni nani?"

"Nimeambiwa ni dada mmoja aliyekuwa anaishi nao."

Mama Pini alishusha pumzi, akachomeka pini kwenye pindo. Mtoto mwema. Alikuwa amemchagua mtoto mwema.

"Na jalada? Roki yote hii, halafu shati?"

"Shati ni langu la shule. Mama yangu ni fundi cherehani." Wanawake wakapiga makofi, shangazi akapiga kigelegele. "Ana sheria kwamba nguo haitoki mlangoni bila pini mbili. Zetu za nyumbani hatupigii pini kabisa, anasema nani apoteze pini kwa watu wa nyumbani."

"Mama mbahili huyo!" mtangazaji akacheka.

"Sasa kuna asubuhi moja niliamka, nikafungua kabati. Mashati yangu yote manne yamekunjwa mara nne, kila moja pini mbili. Nikavaa hivyo hivyo bila kujua, pini ikanichoma hapa shingoni."

"Ukamuuliza mama?"

"Hapana. Nilifikiri ataniambia mwenyewe. Nilimpa nafasi nyingi."

Mama Pini alikuwa amepiga magoti chini ya kiti cha bibi harusi. Miaka sita. Kila alipomkamata kidevu mbele ya mteja, kila aliposema huyu ndiye niliyemchagua, kidevu kile kilikuwa kinajua, na kilikuwa kinatabasamu. Alitaka kulia, ila pini zilikuwa mdomoni na watu walikuwa wanamtazama kwa upendo.

"Jamani, una bahati," mwalimu akasema. "Wangu hawakumbuki hata siku yangu ya kuzaliwa. Huyu anakumbuka mpaka pini zako!"

Redioni mtangazaji alitangaza wimbo wa kumi na moja. Usiende, ikasema sauti. Nakuomba, usiende. Bibi harusi na mwalimu wakaanza kuimba nayo, maneno wanayo yote, na shangazi akamgusa Mama Pini begani.

"Ongeza sauti kidogo, dada, hapa ndipo anapoapa."

Mama Pini akanyoosha mkono, akaongeza.