Mama Mwiko Apanga Safari

Mpishi mkuu wa shule ya bweni, ambaye wanafunzi walimwita Mama Mwiko, hakuwa mtu wa kusahau. Angeweza kukuambia gunia la maharage yenye wadudu liliingia stoo mwaka gani, siku gani, na ni nani aliyelipokea huku akitazama pembeni. Kwa watoto mia nne waliokula mikononi mwake, kumbukumbu hiyo ilikuwa neema. Kwa wifi yake ilikuwa balaa linalokuja taratibu.

Mambo yao yalianza miaka kumi na miwili nyuma, Mama Mwiko alipokuwa na miezi minne tu ya ndoa. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa akiishi kwenye jiji kubwa, ghorofa ya tano, na alituma maneno matamu: "Mleteni wifi yangu atembee. Aone dunia kabla hajaanza kulea." Mama mkwe akafurahi, akamshonea gauni la safari. Bibi harusi akafika na gauni lake, akakuta msichana wa kazi ameondoka siku mbili kabla, na watoto wawili wa wifi, mmoja wa kutambaa na mwingine wa kukimbia, wanamsubiri yeye.

Alikaa wiki tatu. Kila asubuhi wifi alitoka kwenda kazini, akafunga mlango kwa nje na kuondoka na ufunguo.

"Ni kwa usalama wako, wifi. Huku kuna watu wabaya."

Jiji lote alilolijua lilikuwa kibaraza cha kuanikia nguo, hatua mbili kwenda, mbili kurudi. Kutoka hapo aliuona mnara ule wenye chumba cha vioo kileleni, ambako watu hupanda kutazama mji. Huku anakamua nepi, aliupima kwa kidole gumba. Ulikuwa sawa na ukucha wake.

Hayo angesamehe. Kazi haijamuua mtu. Asichosamehe ni kilichofuata. Wifi alimrudisha nyumbani yeye mwenyewe, na mbele ya ndugu wote waliokuja kuwapokea akasema, "Huyu nimemtembeza mpaka miguu imeota sugu! Mnara tumepanda, wanyama tumeona, makumbusho tumeingia. Lakini mtu wa shamba, hata umwonyeshe nini, macho yake yako kwenye sufuria."

Watu wakacheka. Mama mkwe akamgeukia mkwewe. "Mwanangu, mshukuru wifi yako."

Naye akainamisha kichwa, akasema asante.

Asante ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila msiba, kila harusi, wifi aliitonesha: "Si nilikutembeza mimi?" Alipomweleza mumewe, fundi baiskeli, mtu mpole anayependa kila kitu kizunguke bila kelele, mume alisema, "Dada ana maneno mengi tu, mke wangu. Yaliyopita si ndwele." Mama Mwiko akajua kwamba mumewe anadhani ametia chumvi. Hakurudia tena.

Mwaka huu, binti yake wa miaka kumi na mmoja alirudi kutoka shuleni na kazi ya kuandika habari za jiji. Akakaa jikoni, kalamu mdomoni.

"Mama, shangazi alisema ulipanda naye mnara. Ukiwa juu kule unaona nini?"

Mama Mwiko alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama. Kuwadanganya watu wazima ni jambo moja. Lakini huyu alikuwa mwanawe, na alikuwa tayari kuandika.

"Acha nafasi hapo," alisema. "Nitakupeleka ukaone mwenyewe."

Siku ile ile alianza kupanga. Familia haijawahi kusafiri kwa ajili ya kutembea tu. Safari zao zote zilikuwa na maiti, mgonjwa au bibi harusi ndani yake. Kwa hiyo mumewe aliposikia, aliuliza kwanza, "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Shule ikifungwa tunaenda kutazama mji. Siku tano."

"Kutazama tu?"

"Kutazama tu. Macho si yako? Yapeleke yakatembee."

Binti akawa katibu, akafungua daftari. Mdogo wake wa kiume alitaka lifti, apande na kushuka mpaka achoke. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao tangu magoti yaanze kumsumbua, alisema yeye hataki makubwa, angependa kuona yale maji yanayorushwa juu kwenye bustani, kama kweli yanarukaruka vile wanavyosema. Mume alitaka kuona duka la baiskeli la ghorofa tatu alilosimuliwa. Mama Mwiko aliandikisha yote. Halafu akasema lake: "Mnara, Ijumaa, saa nne asubuhi."

"Kwa nini Ijumaa?" binti akauliza. "Tukifika Jumatano, si twende Alhamisi?"

"Andika Ijumaa."

Alipanga safari kama alivyopanga chakula cha mia nne, hakuacha hata chumvi kwa bahati. Alimwomba mwalimu wa jiografia amchoree ramani. Akauliza mabasi, viingilio, saa za kufungua, na kama mtu mwenye magoti mabovu ataruhusiwa kukalia benchi kule juu. Mwisho akauliza swali lililomshangaza mwalimu.

"Kileleni kuna darubini?"

"Zipo nne, zimefungwa kwenye nguzo. Unatumbukiza sarafu, unaona mpaka madirisha ya watu."

"Mpaka vibaraza?"

"Mpaka soksi zilizoanikwa, mama."

Mama Mwiko akamuongezea mwalimu nyama siku ile.

Habari hazikai. Mama mkwe alimdokezea bintiye kwenye simu, na jioni wifi akapiga mwenyewe.

"Wifi! Nasikia mnakuja kwangu!"

Mama Mwiko alisikia lile "kwangu". Akalitafuna kwanza.

"Tunakuja, wifi."

"Afadhali! Yaani mmekuja kama mvua. Msichana wangu kaondoka juzi, nyumba imenishinda. Wewe na ile mikono yako..."

"Tutafika Ijumaa, siku usiyokwenda kazini, saa nne asubuhi," Mama Mwiko alisema kwa sauti laini kama uji wa mgonjwa. "Usihangaike kutufuata stendi. Wewe simama tu kibarazani, utuangalie."

"Nitawaandalia! Nitawaita na majirani wawaone!"

"Waite, wifi. Waite wote."

Wiki zile mbili alipika huku anaimba, mpaka wasaidizi wake jikoni wakaanza kuogopa.

Wakasafiri Jumatano. Walifikia nyumba ya wageni ndogo, safi, yenye vitanda sita na feni iliyokoroma. Mume aliuliza mbona hawaendi kwa dada. Akajibiwa kwamba dada anawategemea Ijumaa, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Alhamisi wakaona maji yanayoruka, na mama mkwe akacheka kama msichana yalipomlowesha viatu. Wakaingia duka la baiskeli, wakamtoa fundi humo kwa kumvuta shati.

Ijumaa, saa nne kasoro, walikuwa kileleni. Mtoto wa kiume alikuwa ameshapanda lifti mara mbili, na mlinzi alimtazama kwa jicho la tatu. Mama mkwe aliketi kwenye benchi, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Mama Mwiko hakutazama jiji. Alikwenda moja kwa moja kwenye darubini ya upande ule, akatumbukiza sarafu, akahesabu majengo kutoka kwenye tangi la maji jekundu. Ghorofa ya tano. Kibaraza.

Wifi alikuwa pale, amevaa gauni la kijani, nywele zimesukwa upya. Nyuma yake wanawake watatu walikuwa wamekaa kwenye viti na vikombe mkononi. Wifi alikuwa ameinama juu ya ukuta, anachungulia barabara.

Mama Mwiko akapiga simu, jicho likiwa palepale.

"Wifi, mmefika?"

"Tumefika. Tunakuona."

"Mko wapi? Sioni mtu!"

"Gauni la kijani limekupendeza. Hebu tupungie mkono, watoto wakuone."

Wifi akapunga kushoto. Akapunga kulia. Akanyanyuka kwenye ncha za vidole na kupunga mikono miwili, na wale majirani wakasimama wakapunga naye, wote wanne, kwa barabara tupu. Mama Mwiko alimwacha apunge. Alimwacha mpaka sarafu ikakaribia kwisha, akatumbukiza nyingine. Alisema baadaye kwamba tangu azaliwe hajala kitu kitamu kama dakika ile.

"Wifi, nyanyua uso. Tuko mnarani."

Mikono ya kijani ikashuka.

"Hatuji kwako," Mama Mwiko aliendelea. "Nilikaa hapo ulipo wiki tatu, mlango umefungwa kwa nje, nauangalia huu mnara. Leo angalia wewe. Na mama yupo hapa. Mwambie ulinitembeza wapi."

Akamwekea mama mkwe simu sikioni. Mume alikuwa amesogea, amesikia yote. Akainama kwenye darubini, akamwona dada yake amesimama kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

"Alikufungia kweli?" aliuliza.

"Nilikwambia siku niliyorudi."

Fundi akanyoosha mgongo polepole, hakumwangalia usoni. Mama mkwe alikuwa anasikiliza, anaitikia "ehe," "ehe." Akaishusha simu, akamgeukia mkwewe.

"Anasema hakukupeleka popote. Nami nilikushukurisha mbele za watu."

"Ndiyo, mama."

Binti akaichukua simu kabla hajazuiwa. Alikuwa na kazi yake ya shule. "Shangazi, wewe ulipopanda huku ulipenda nini?"

Jibu lilikuwa fupi. Binti akageuka, amekunja uso. "Anasema hajawahi kupanda. Wala wanyama hajaenda. Anasema kazi, halafu watoto, na siku zinakwenda."

Ungedhani hapo moyo wa Mama Mwiko ungelainika. Haukulainika. Ulipata moto upya. Miaka kumi na miwili amesimangwa kwa utalii ambao hata msimangaji hakuufanya! Alicheka mpaka akashika nguzo, na kile kicheko hakikuwa na huruma hata tone.

Mchana ule mumewe alisema anakwenda kwa dada yake.

"Nenda," Mama Mwiko alisema. "Chakula kipo, kapikia watu sita. Mimi na watoto tuna simba saa nane, imeandikwa."

"Na wewe mama?" fundi akamuuliza mama yake.

Bibi aliyafikiria magoti yake, akamfikiria bintiye, akamtazama mkwewe. "Mimi leo naenda kuona simba," alisema. "Yeye nitamwona akija kuomba radhi."

Fundi alikwenda peke yake. Alirudi kabla ya magharibi, amebeba vyakula kwenye vyombo vilivyofunikwa. Alisema dada amelia, majirani walishaondoka, na alipoufungua mlango alikuwa bado na lile gauni. Mama Mwiko aliuliza kama amewaombea watoto limau, kwa sababu kuku anaonekana mkavu. Akala vizuri.

Radhi ilikuja miezi mitatu baadaye. Wifi alifika mwenyewe kwa basi, akasema mbele ya ndugu walewale, na Mama Mwiko akaipokea. Lakini tangu siku hiyo, wifi akija, anakaribishwa sebuleni na kupewa kiti kizuri kuliko vyote, anaandaliwa kama mgeni, haruhusiwi kugusa chombo wala kuingia jikoni. Mwanzoni alidhani ni heshima. Mwaka wa pili ndipo alipoanza kuelewa kwamba mgeni si ndugu.