Baba Asiyekuwepo Darasani

Mwalimu alifundisha hisabati mtandaoni, akiwaandaa wanafunzi kwa mashindano. Binti mmoja alijaliwa baba mjuzi wa kila kitu. Mzee alijibanza pembeni mwa kamera akinong'ona majibu, na kipaza sauti, kwa uungwana wake, kikayafikisha kwa darasa zima.

“Baba, tumwache ajaribu mwenyewe,” mwalimu alimsihi.

“Mimi sipo hapa, mwalimu,” sauti ikajibu.

Siku ya mashindano wazazi walibaki nje, na binti akashika nafasi ya pili. Mwalimu alimpigia simu kumpongeza, akamuuliza kama maswali yalimsumbua.

“Kidogo. Nyumbani Baba akitaja jibu, najua hilo silo, nabaki na matatu tu ya kuchagua. Leo ilibidi nikokotoe yote.”

Nyuma yake mzee alisikika akimsimulia jirani alivyomnoa bintiye. Mwalimu alimeza kicheko, akampa na mzee hongera zake.