Mbuyi Wawili wa Tata Ngeleka

Katika kliniki moja ya meno pale Kolwezi, mwaka 1974, Tata Ngeleka alijua meno ya watoto kuliko sura zao. Ukipishana naye sokoni ukiwa na mwanao, hakusalimii, na watu walisema anaringa. Si maringo. Kazi yake ilikuwa kupima meno ya utoto, na kwake mtoto alikuwa kipande cha plasta chenye meno.

Mtoto aliuma ute mzito wa kuchukulia alama za meno, alama hizo zikamiminiwa plasta, na ilipokauka Ngeleka aliweka kompa yake ya ncha mbili juu ya kila jino, akaandika milimita kwenye fishi, kadi ya mtoto. Kwa vipimo hivyo Dokta Mukalay alijua mapema kama meno ya ukubwani yatapata nafasi, au kama mengine ya utoto yang'olewe yapishe. Miaka kumi na mmoja Ngeleka hakukosea hata mara moja, na alihakikisha kila mtu amelisikia hilo.

Zamani alichonga jina zima chini ya plasta, kwa mfano Kalala Louis. Kisha serikali ikapiga marufuku majina ya ubatizo, na yeye, mtu wa kufuata amri, akabaki kuchonga jina moja tu. La baba halikuenea pale, na kichwa chake, alisema, kinatosha. Sasa niambie: yeye mwenyewe ni Muluba wa Kasai, anajua kwao pacha wa kwanza ni Mbuyi na wa pili Kabanga, nyumba hadi nyumba. Kichwa gani hicho?

Jumatatu moja binti wa Mama Tshiela, Mbuyi wa miaka minane, aliketishwa kwenye kiti ang'olewe meno manne. Sindano ilikuwa tayari. Ngeleka akashika taa, mtoto akapanua mdomo, na kati ya meno yake palikuwa na nafasi ya kupitisha njiti ya kiberiti. Plasta aliyoipima ilikuwa na meno yaliyobanana. Akaingiza kompa kinywani kama anayehakikisha tu. Chonge ya juu, milimita sita. Fishi ilisema saba na nusu.

Wiki ya vipimo walikuja Mbuyi wawili, na plasta zao zote mbili zilichongwa jina hilohilo. Yule mwingine, mwenye meno ya kubanana, aliambiwa hana shida, akarudi kwao Mutshatsha kwa treni.

Tusidanganyane, alifikiria kunyamaza. Meno ya utoto yataanguka tu, nani atajua? Lakini mtoto alikuwa ameshika mkono wa koti lake, na Ngeleka aliona aibu.

"Dokta, ngojea," alisema. "Ile plasta haiko ya huyu mutoto. Mi ndiye nilikosa."

Dokta akaweka sindano chini. Alimwambia Ngeleka tu amwite yule wa Mutshatsha, naye akaenda mwenyewe hadi stesheni kutuma habari.

Kabla ya kwenda alitoka nje, akamweleza Mama Tshiela kila kitu, kisha akamwomba jina la ubatizo la bintiye. Mama aliangalia mlango kwanza.

"Odile," akasema kwa sauti ndogo.

Ngeleka akalichonga chini ya plasta iliyo ya mtoto huyo kweli, upande usioonekana ikiwa mezani. Ile ya pili akaiachia nafasi ya jina la ubatizo, hadi treni ya Mutshatsha ifike.