Salamu za Amuge

Amuge alifundishwa na mama yake kwamba mke wa mtu hapandishi sauti mbele ya mkwe. Anapiga magoti, anainamisha macho, anasalimu polepole, kisha anangoja kujibiwa. Alikwenda na adabu hiyo Chakol alipoolewa na Emong, na adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

Miaka ya kwanza mama mkwe wake, Atyang, alimjibu vizuri, hata kumtania. Kufikia mwaka wa tisini na nne alikuwa amenyamaza. Kila asubuhi Amuge alipiga magoti mlangoni, "Yoga, mama," na Atyang akaendelea kupepeta wimbi kama aliyepitiwa na upepo tu. Amuge akadhani amechukiwa. Atyang naye akadhani amedharauliwa.

Emong alikuwa akipakua malori Malaba na kurudi nyumbani Jumamosi. Jumamosi moja mama yake akamngojea njiani.

"Mke wako anapiga magoti kwangu kama anayetafuta sindano. Hasemi kitu! Midomo inacheza tu. Ananiloga?"

Kesho yake, baada ya kuonywa na Emong, Amuge akasalimu kwa nguvu, mpaka shemeji yake Omoding akatoka nje na mswaki mdomoni.

"Mama Adeke, asubuhi yote hii unamgombeza mama yetu?"

Hilo nalo likawa kosa. Lakini siku hiyohiyo sufuria ilimponyoka Amuge nyuma ya Atyang. Kuku walitimka hadi shambani. Atyang hakugeuka.

"Mama masikio yamezeeka," Amuge akamwambia Emong. "Hanisikii."

Emong akamzaba kofi. "Mama yangu unamwita kiziwi?"

Wazee wa ukoo wakaitwa. Wakaketi kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake, waamue kama Amuge atabaki na watoto wake au atarudi kwao Amagoro peke yake, maana watoto ni wa ukoo. Alipiga magoti mbali, wanakokaa wanawake, akaeleza yote kwa sauti ya heshima.

Mzee Ekwaro, mkubwa wao, akaweka kiganja sikioni. "Anasema nini?"

"Muulize Paulinus," akajibu mzee wa pili.

Mzee Paulinus alikuwa akitikisa kichwa kukubali tangu Amuge hajafungua mdomo.

"Ongea, mama, wazee hawakusikii!" akasema Omoding.

Amuge akapaza sauti.

"Mnaona?" Omoding akadakia. "Hivi ndivyo anavyomfokea mama!"

Hilo wazee walilisikia. Katika boma gani la Chakol hakuna mzee anayeitikia asichosikia? Wote wanaheshimiwa. Anayefukuzwa ni mke wa mtu. Chungu hakikuwa kimefika nusu, na kesi ikawa imekwisha.

Asubuhi, furushi likiwa kichwani, Amuge alipita kwa Atyang. Hakupiga magoti. Aliketi kando yake, akaweka mdomo sikioni mwake kama anayemnong'onezea mtoto, akapiga kelele, "Yoga, mama!"

Uso wa Atyang ukafunguka. "Yoga noi, mwanangu!" Akamshika mkono, akaubana. Kisha akaliona furushi.

"Kumbe salamu unazo? Siku zote hizi ulikuwa unaninyima kwa nini?"

Adeke na wadogo zake walikuwa wamesimama mlangoni kwa Omoding, wamekatazwa kutoka. Amuge aliuchomoa mkono wake, akashika njia ya Amagoro. Nyuma yake Atyang alikuwa bado anaongea, akimlaumu, akingoja jibu.