Bibi wa ghorofa ya tatu alivyoisimamisha posa yangu mpaka moyo wangu utulie

Wakuu, assalaam alaykum, na msio wa salamu hiyo habari zenu.

Mie si mwandishi, shule niliishia kidato cha pili, kwa hivyo mkikuta nukta imekaa mahali si pake mniwie radhi. Lakini haya ni kweli tupu. Yamenikuta hapa hapa Unguja, Mji Mkongwe, na mashahidi wapo, ingawa wengi wao ndio walionicheka.

Kazi yangu nauza boflo. Watu wa bara, boflo ni mkate wa tanuri, ule wa kuchovya kwenye chai. Nafunga kreti nyuma ya skuta naingia vichochoroni. Nyumba za huku ni za ghorofa na ngazi zake zimesimama wima, kwa hivyo mteja hateremki na mie sipandi. Anashusha kikapu kwa kamba kutoka dirishani, natia boflo, kikapu kinapanda.

Miaka yote ya kazi hii sikuwahi kupanda ngazi ya mtu. Mie na maghorofa tulikuwa tunaheshimiana kwa mbali.

Ndoto ninazo. Iko siku ntakuwa na tanuri langu. Jina nshalichagua, rangi ya mlango nshaichagua, bado tanuri tu.

Sasa kuna nyumba moja, kikapu chake cha ukili, chekundu na kijani, kinatoka ghorofa ya tatu. Anayekishusha ni Nasra, anakaa na bibi yake, Bi Zuhura. Kwa muda mrefu Nasra nilimjua kwa mikono na sauti tu.

"Kaka wa boflo, mawili leo, na yasiwe ya jana!"

"Ya jana nakula mwenyewe!"

Na kweli nilikuwa nayala. Mtaona yalivyonifanya.

Ramadhani ikaingia, na jioni moja kikapu kikashuka na bakuli la kaimati, zimelowa shira mpaka zinang'aa. Wakuu, mie moyo wangu mwepesi. Nilizitazama kaimati zile mpaka watu wamefuturu mie bado natazama.

Baada ya Idi nikamwambia mama. Mama akamtuma ami yangu kwenda kuulizia posa, kama desturi. Jibu likarudi kwamba Bi Zuhura hana neno, ila anataka kumwona kijana kwa macho yake. Yeye magoti yamekataa ngazi, hashuki. Kwa hivyo kijana apande.

Nikavaa kanzu mpya, kofia ya kiua, mkononi sahani ya halua.

Ghorofa ya kwanza nikasema bismillahi. Ya pili nikasimama nikajidai natazama picha ukutani. Hakukuwa na picha. Ya tatu siikumbuki vizuri.

Nikafika mlangoni, nikataka kutoa shikamoo. Ikatoka "Shi..."

Nikavuta pumzi. "Shi..."

Bi Zuhura yupo kwenye kiti chake, ananitazama kwa subira. "Naam, mwanangu."

"Shi... shi..."

Pembeni kakaa Mjomba Said, mtoto wa Bi Zuhura, mjomba wake Nasra, mtu wa maneno. Akasema, "Mama, mpe maji huyu, anavuja upepo."

Nyuma ya pazia nikasikia mtu anacheka, halafu nikasikia anajiziba mdomo.

Bi Zuhura yeye hakucheka. Aliniita karibu, akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono wangu, akaviondoa haraka kama kagusa sufuria ya moto.

"Mwanangu," akasema, "marehemu mume wangu moyo ulimsimama kwenye ngazi hizi hizi ulizopanda wewe. Nilikuwa na umri wa Nasra. Ujane mie naujua, mjukuu wangu simtakii. Nenda hospitali ukatazamwe. Ukiwa mzima, rudi Mfungo Sita, upande tena, na hiyo shikamoo yako niisikie yote."

Nikashuka na halua yangu. Mfungo Sita ndio mwezi wa maulidi, yaani miezi mitano mbele. Na kumbukeni, Nasra si msichana wa kukosa watu wa kuulizia.

Hospitali nesi akanipima presha, akasikiliza moyo, akasema ugonjwa hauna. Ila mapigo yangu yalikuwa 94 kwa dakika na nimekaa tu kwenye benchi.

"Bado uko ndani ya kawaida," akaniambia, "lakini mwili wako haujazoea kazi. Moyo wa mtu wa mazoezi unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, ndio maana akipumzika unapiga taratibu. Wako unahangaika kwa kazi ndogo. Fanya mazoezi, anza polepole, usiache, na mapigo yako uyapime ukiwa umepumzika."

Hilo neno la mwisho kaeni nalo, ndilo lililonitesa.

Kwanza nikanunua saa ya mkononi ya kupima mapigo kwa mtu anayetandika bidhaa chini. Siku ya kwanza inanipa 88, nikafurahi. Halafu rafiki yangu mmoja, kwa ujinga wake tu, akanivua akalivisha boflo la jana. Saa ikafikiri kidogo, ikaandika 72.

Wakuu, boflo la jana lilikuwa na afya kunishinda mie.

Saa nikaitupa kwenye droo. Nikarudi kwenye vidole viwili na simu ya kuhesabia dakika.

Pili nikajiunga na kikundi cha mazoezi, alfajiri pale Maisara. Mnavijua vikundi vya huku, watu wanakimbia barabarani kwa safu huku wanaimba. Nilidhani ntakuta vijana. Nikamkuta Bi Asha, mstaafu, juu baibui chini raba, filimbi shingoni, na nyuma yake jeshi la mama na baba watu wazima. Nikajisemea hawa ntawaacha mbali, itabidi niwasubiri.

Siku hiyo kuna mama alinipita huku anazungumza na simu, anagombana na mtu kuhusu bei ya nazi. Akaenda, akageuza, akanipita tena, na ugomvi wa nazi bado.

Nilitaka kuacha. Bi Asha akanifuata nimekaa ukingoni, nimeshika mbavu.

"Wewe wa boflo, nani kakwambia ukimbie hivyo? Kimbia kiasi cha kuweza kuzungumza. Ukikosa neno, punguza. Ukiona unaweza kuimba taarabu nzima, ongeza."

Nikafuata. Mwanzo natembea zaidi kuliko kukimbia, baadaye nakimbia zaidi kuliko kutembea. Siku ambazo hakuna kikundi nazunguka mwenyewe. Na maboflo ya jana nikaanza kumpa jirani mwenye kuku.

Kisha nikafikiri, shida yangu hasa ni ngazi. Basi nikawaambia wateja wangu wazee, msishushe kikapu, mie ntapanda. Walifurahi mno. Wengine walikuwa hawajapata mgeni siku nyingi, wananikalisha wananisimulia maradhi yao yote. Nyumba moja tu sikupanda, mnaijua. Pale kikapu kiliendelea kushuka, na siku moja kikaja na kikaratasi kimeandikwa: "Umepungua. Usiumwe tu." Ninacho mpaka leo.

Mwili ukabadilika kweli. Pumzi ipo, usingizi mzuri, kanzu inapwaya. Lakini mapigo wakuu! Kila nikipima, 90. 93. 91. Miezi inakatika, nakimbia kama nafukuzwa, moyo hausikii. Nikaanza kuogopa kwamba Bi Zuhura kaona kitu nesi hakukiona. Mfungo Sita huo unagonga.

Asubuhi moja nikamwendea Bi Asha, machozi yananilenga, nikamweleza.

"Unapima wapi?" akauliza.

"Barazani kwetu, jioni."

"Kwa nini barazani?"

"Nesi kasema nipime nimepumzika. Sisi tunapumzikia barazani."

"Hapo umekunywa nini?"

"Kahawa."

"Kikombe kimoja?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Na mnazungumza nini?"

"Mpira, Bi Asha."

"Wewe timu gani na wenzako timu gani?"

Nikamwambia. Yule mama aliketi chini, filimbi mkononi, akacheka mpaka jeshi zima likasimama kumngoja.

"Mwanangu, kahawa chungu, mtu anakwambia ile haikuwa penalti, halafu unauita huo mpumziko? Kesho ukiamka, kabla hujanyanyuka kitandani, kabla ya neno na mtu, pima hapo."

Kesho yake nikafumbua macho, vidole mkononi, nikahesabu. 66.

Nikahesabu tena. 65.

Nilipiga ukelele mama akaingia na mchi, akidhani kuna mwizi.

Mfungo Sita ukaingia, nikapanda. Kanzu ile ile, halua mpya. Nikafika juu, nikasimama mlangoni.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Hamjambo humu ndani? Na Mjomba Said, habari za tangu siku ile?"

"Marahaba," akasema Bi Zuhura. Mie nikadhani nshafaulu.

"Mtu mwepesi akipanda bila mzigo si kitu," akasema. "Mie sijashuka chini tangu magoti yalipogoma. Nataka nikae barazani kwangu niwaone wapitao. Nishusheni na kiti changu, wewe na Said. Halafu mnirudishe."

Kushuka kulikuwa kwepesi. Barazani watu walikuja kumwamkia Bi Zuhura mpaka kichochoro kikaziba. Aliwauliza habari za watoto ambao sasa wana watoto. Nilimwona anafuta macho na ncha ya kanga, nami nikajidai nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa makubadhi.

Halafu kupanda.

Mjomba Said akashika juu, kwenye mgongo wa kiti. Mie chini, kwenye miguu, uzito wote unaniangukia. Bi Zuhura kanielekea uso kwa uso. Nasra katutangulia na tochi ya simu. Tulipoanza tu, bibi akaanza naye.

"Mama yako mtu wa wapi?"

"Makunduchi, Bi. Kwao wanalima mwani."

"Unasali?"

"Nasali. Nikitoka msikitini alfajiri naunganisha na mazoezi."

"Hasira unazo?"

"Kidogo, Bi. Za mpira tu."

Ghorofa ya pili.

"Na mjukuu wangu akikuudhi?"

"Ntatoka nikakimbie, nikirudi ntakuwa nshasahau."

"Na ukimuudhi wewe?"

"Hapo ntamwomba akimbie yeye, mie nipike."

Tochi ikatikisika. Bi Zuhura akageuza shingo. "Said, mbona kimya?"

"Ma..." akasema Mjomba Said. "Ma..."

Kutoka juu sauti ya Nasra ikashuka, laini kabisa: "Bibi, mpe maji mjomba, anavuja upepo."

Tukafika. Said akalala kwenye mkeka. Bi Zuhura akanyoosha mkono, akaweka vidole pale pale alipoweka siku ile.

"Unakwenda mbio," akasema.

Lakini vidole hakuviondoa. Akafumba macho, akaendelea kushika, na mie nikasimama, chumba kizima kinangoja.

"Unapungua," akasema baadaye. Akangoja tena. "Umetulia."

Akafumbua macho. "Wa marehemu ulikuwa hautulii. Nilikuwa naweka kichwa kifuani kwake, nausikia." Akaniachia mkono. "Mwambie ami yako aje tuzungumze. Na wewe Said, kesho Maisara."

Ndoa itafungwa karibuni, inshallah.

Nilichojifunza mie: moyo unafundishika, ila haufundishiki kwa wiki moja, na usiupime ovyo. Pima unapoamka, kabla ya kahawa na kabla ya watu. Anzeni polepole. Ukipanda ngazi ukakosa neno, au kifua kinabana, mwone daktari kwanza, usione haya.

Mjomba Said yumo kikundini. Bado anapitwa na mama wa nazi.

Bi Zuhura tunamshusha kila Ijumaa jioni. Kumbe anapenda mpira, na timu yake ndiyo ile nisiyoipenda. Juzi nilijipima pale barazani kwake: 94.

Haya wakuu, kesho mkiamka pimeni, mje mniambie mmepata ngapi. Na aliye na uzoefu wa kubeba kiti ngazini aniambie mgongo anaufanyaje.