Dawa Iliyokataa Kuganda Same

Saa kumi na mbili asubuhi, Mhezi, kijiji cha mlimani juu ya Same, mwezi wa saba mwaka 1954. Baridi inauma hadi mifupani. Kaanaeli Mbwambo amepiga magoti kando ya ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, chupa yake imezama majini hadi shingoni. Ndani mna maji ya rangi ya chai. Anaukwaruza ukuta wa chupa kwa kijiti cha kioo, taratibu.

"Ikikuona una haraka, haigandi," anasema bila kuinua macho.

Hiyo ndiyo kazi yake, usicheke. Mwaka wa sita huu anaunda dawa katika maabara ya mifugo huko Same. Haundi moja, anaunda nyingi zinazokaribiana: hapa anaongeza kitu, pale anapunguza, kisha kila moja inajaribiwa kama itaua vijidudu vya nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na mbung'o.

"Ni watoto wa tumbo moja," anaeleza. "Sura wanafanana, tabia kila mmoja na yake. Humjui mwema mpaka uishi naye."

Thelathini na saba zimeshindwa. Ya thelathini na nane imeponya panya, na Ijumaa ng'ombe wa kwanza anatakiwa kudungwa. Ila sharti kwanza igande, iwe chembe safi kama chumvi, uchafu ubaki majini, na kwa joto la Same imekataa katakata. Jokofu la mafuta ya taa limeharibika. Mkuu wa maabara amesema Ijumaa ikipita, jaribio limefutwa. Basi Kaanaeli akaiviringisha chupa kwenye blanketi, akapanda kwao kwa miguu, mchana kutwa. Mkewe, Yudith, alidhani amefukuzwa kazi.

"Imekuja," anasema ghafla. Chembe nyeupe zinatua chini ya chupa. Anacheka peke yake, furaha haifichiki.

Ijumaa, bondeni, mfugaji Ndaskoi anamngoja bomani. Alikuwa na ng'ombe arobaini, wamebaki kumi na mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeileta?"

Kaanaeli anaomba ng'ombe aliye hoi, asiyeweza hata kusimama, ili hasara isiwe kubwa. Mzee anakataa. Anamvuta mwekundu, aliyeanza kuugua juzi, ambaye maziwa yake ndiyo yanayolea wajukuu.

"Yule amekwisha kufa, hatakuambia kitu. Mdunge huyu ninayemtaka."

Kaanaeli anajaza sindano, anamdunga. Atalala bomani siku saba, amwangalie.

"Akipona, nitapanda mlima kugandisha ya kuwatosha wote," anasema. "Asipopona, naanza ya thelathini na tisa. Mlima nitaupanda vilevile."