Jinsi mapea yangu yalivyogeuka bia Garissa nzima

Wakuu, asalaam aleikum. Nawaletea ukweli mtupu, na anayebisha aje aone alama ya kifuniko kwenye bati la jikoni kwangu.

Mimi ndiye dada mkubwa, tuko wanne. Wazazi walitutoka nikiwa darasa la saba, nikaacha shule nilee wadogo zangu. Adeer, ndugu wa baba anayekaa Liboi, alitaka kutugawa kwa jamaa, huyu huku, yule kule. Nikakataa.

Akasema, "Haya. Lakini nikisikia aibu moja tu, nawachukua."

Shambani kwetu kando ya mto kuna mti wa pea. Marehemu baba aliuleta kutoka Nyeri, watu wakamcheka. Miaka yote ulitoa majani tu. Safari hii hali ya hewa ilichanganyikiwa: baridi isiyo ya Garissa, jua kali, kisha mvua mfululizo. Mti nao ukachanganyikiwa, ukazaa. Mapea kumi na tisa!

Mto ulipofura nikayachuma haraka. Nikaona video ya kuhifadhi matunda kwenye chupa za maji ya sukari. Sukari nikaweka nusu, maana nyingine ni ya chai, na hapa kwetu chai haingoji. Nikakaza vifuniko kwa nguvu zote, nikapanga chupa jikoni. Jiko lenyewe ni mabati matupu, jua likiwaka ni tanuri.

Sasa wakuu, sisi Wasomali na herufi P hatujawahi kuelewana.

Jirani, Mama Hodan, akaniuliza natengeneza nini. Nikajibu kwa fahari, "Bea!"

Yeye akasikia bia, na habari ikasambaa hadi Liboi.

Ijumaa, Adeer huyo mlangoni.

"Nyumba ya ndugu yangu inapika bia?"

"Wallahi si bia, Adeer. Ni bea!"

"Si ndiyo hiyo! Umekiri mwenyewe!"

Mdogo wangu Ifrah, yuko sekondari, akaja kuniokoa. "Adeer, sikiliza. Si B. Ni B!"

Hapo chupa ya kwanza ikalipuka. Kifuniko kikapiga bati, povu likamwagika hadi kwenye kanzu ya Adeer. Mama Hodan, aliyekuwa akichungulia dirishani, akapiga astaghfirullah tatu.

Nikajua tumekwisha.

Ifrah akakimbilia mtungi wa maji, akatoa pea moja alilokuwa amelificha kando yake, kwenye gunia bichi. Bado zima, la manjano.

Adeer akaligeuza, akalinusa. "Hili ni la ule mti tuliomcheka baba yenu kwa ajili yake?"

"Ndio huo."

Akatoa kisu mfukoni, akakata vipande vitano. Vinne vyetu, kimoja chake. Akatafuna polepole, kisha akasema, "Zile chupa mwaga zote. Mimi nilikuja kugawa watoto. Basi, nimegawa tunda, yatosha."

Funzo: usibanie sukari, usikaze kifuniko kupita kiasi, na ukiulizwa unatengeneza nini, onyesha kwa kidole.

Mwenye ujuzi wa kuhifadhi mapea kwenye joto kama hili anielekeze hapa chini. Aandike tu, asinipigie simu.